Miguu ya Waliotutangulia: Matembezi ya Familia kutoka Gihosha hadi Jiwe la Mugere



Ndugu wasomaji, wazazi wetu na vijana wetu mlioko mashuleni. Kila likizo inapofika, swali la watoto ni lile lile: "Tutaenda wapi?" Wenye uwezo huwapeleka ufukweni, wakanunua soda na mishikaki, na jioni wakarudi nyumbani. Hakuna ubaya katika hilo. Lakini yapo matembezi mengine ambayo hayahitaji pesa nyingi, yanajenga mwili, na yanamwachia mtoto kitu kichwani mwake. Nayo ni kutembea kwa miguu katika ardhi hii ya ziwa na vilima, huku mzazi akieleza nani alipita hapa kabla yetu.

Tunasema hivi kwa sababu Uislamu na Kiswahili katika mji wa Bujumbura havikuja kwa ndege wala kwa lori. Vilikuja kwa miguu na kwa mitumbwi. Mtoto ambaye hajawahi kutembea hata kilomita tano hawezi kuelewa vizuri maana ya maneno hayo, hata ukimsomea vitabu kumi. Basi natuanze safari, na tuanzie nyumbani.

Kituo cha kwanza: kilimani Gihosha

Gihosha iko upande wa kaskazini-mashariki ya mji, ng'ambo ya mto Ntahangwa, pale mji unapoanza kupanda milima. Ukitoka asubuhi baada ya Swala ya Alfajiri, ukapanda taratibu na watoto hadi mahali palipo wazi, utaona mambo matatu kwa mara moja. Chini yako kuna mji. Mbele ya mji kuna Ziwa Tanganyika. Na ng'ambo ya ziwa kuna milima mirefu ya Kongo, na mji wa Uvira umekaa miguuni pake. Kulia kwako ni uwanda wa mto Rusizi, unaotoka Ziwa Kivu na kumwaga maji yake katika Tanganyika. Wakati mzuri wa kuona yote haya ni asubuhi iliyofuata usiku wa mvua, kwa sababu miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi na moshi huficha ng'ambo.

Waambie watoto habari za ziwa hili. Lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake kinafika kiasi cha mita 1,470. Hakuna ziwa lenye kina zaidi yake Afrika nzima, na duniani limepitwa na Baikal la Urusi tu. Nchi nne zinakunywa humo: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia.

Kisha waulize swali: mvua inayonyesha juu ya bati la nyumba yetu Gihosha, inaishia wapi? Inaingia Ntahangwa, inashuka ziwani, inatoka ziwani kwa mto Lukuga upande wa Kongo, inafika katika mto Kongo, na mwisho wake ni bahari ya Atlantiki. Lakini mvua hiyo hiyo ikinyesha nyuma ya safu ya milima iliyo mgongoni mwetu, inakwenda Ruvubu, kisha Kagera, kisha Ziwa Viktoria, kisha Nili, hadi Misri na bahari ya Mediterania. Mgongo mmoja wa milima unagawa maji ya bara zima, na sisi tunaishi chini yake!

Swali hili la maji ndilo lililowaleta Wazungu wa kwanza katika ziwa letu. Walitaka kujua Nili inaanzia wapi, na baadhi yao walidhani huenda inatoka Tanganyika kwa njia ya Rusizi. Kama Rusizi inatoka ziwani kwenda kaskazini, basi huenda ndiyo Nili. Kama inaingia ziwani, basi siyo.

Nani alijua jibu?

Mwezi Februari 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika ziwani upande wa Ujiji. Hawakugundua njia mpya. Walifuata njia ya misafara ya Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi, iliyotoka pwani ya Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji. Mwezi Aprili mwaka huo walipanda mitumbwi kuelekea kaskazini hadi Uvira. Pamoja nao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Mwislamu mwenye asili ya Wayao, ambaye alitekwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akapata uhuru wake, akarudi Zanzibar. Huko Uvira wana wa mtawala wa pale waliwaambia wageni kwamba Rusizi inaingia ziwani. Jibu likawa limepatikana, kutoka kwa watu waliozaliwa kando ya mto wenyewe.

Hata hivyo, miaka 13 baadaye bado jambo hilo lilikuwa linabishaniwa huko Ulaya. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone pale Ujiji, na wawili hao wakaamua kwenda kuangalia kwa macho yao. Walisafiri kwa mtumbwi walioazimwa na Said bin Majid, mfanyabiashara Mwarabu wa Ujiji, wakapita kando ya pwani ya Burundi mpaka nchi iliyoitwa Uzige, ambayo ndiyo hii yetu. Wakaiona Rusizi, na maji yake yalikuwa yanaingia ziwani, kama walivyosema watu wa Uvira.

Wanafunzi, hapa pana somo. Mara nyingi tunaandikiwa kwamba fulani "aligundua" mlima au ziwa. Muulizeni mwalimu kwa adabu: aliyeonyesha njia alikuwa nani? Aliyepiga kasia alikuwa nani? Aliyetafsiri maneno alikuwa nani? Bombay huyo, baada ya kutembea na Burton na Speke, alitembea tena na Speke na Grant, kisha na Stanley, kisha na Cameron aliyevuka Afrika kutoka bahari hadi bahari mwaka 1873 hadi 1875. Ni Wazungu wangapi waliotembea kiasi hicho?

Kituo cha pili: jiwe la Mugere

Kiasi cha kilomita 12 kusini ya mji, katika njia ya Rumonge, kuna jiwe kubwa mahali panapoitwa Mugere. Familia inaweza kupanda gari mpaka huko, kisha mkashuka barabarani na kupanda kwa miguu. Juu mtakuta jiwe limechongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe: 25-XI-1871. Wapo wanaowaambia wageni kwamba hapa ndipo wawili hao walipokutana kwa mara ya kwanza. Siyo kweli. Walikuwa wamekwisha kukutana Ujiji. Hapa Mugere walilala siku mbili, wakiwa wageni wa chifu Mukamba.

Mahali penyewe panapendeza. Upepo wa ziwa unafika, na watoto wanaweza kukaa chini wakala walichobeba. Basi mkiwa mmekaa, wahesabie watoto majina yaliyo juu ya jiwe. Ni mawili. Halafu wahesabie wasioandikwa: wapiga makasia, mpishi, wakalimani, Mukamba mwenyewe aliyewapa wageni mahali pa kulala, na wanawake waliopika chakula chake. Hakuna aliyewachongea jiwe. Atakayewataja ni nani, kama siyo sisi?

Maneno tuliyoachiwa

Msafara wa zamani ulikuwa kazi ngumu. Kutoka pwani hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,000, na msafara wa kawaida ulichukua miezi mitatu au zaidi. Mpagazi mmoja alibeba kiasi cha kilo 30 begani au kichwani. Mwambie kijana wako ajaribu kubeba mfuko mmoja wa mchele wa kilo 25 kutoka darajani Ntahangwa hadi nyumbani Gihosha, ataelewa mwenyewe! Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu waliosifika kwa kazi hiyo. Mbele alitembea kirangozi, naye ndiye aliyejua njia, maji na makambi.

Maneno mengi tunayotumia leo yalitembea katika njia hiyo. "Posho" ilikuwa riziki ya njiani aliyopewa mpagazi, mara nyingi vipande vya nguo au shanga ambazo alibadilisha na chakula vijijini. "Merikani" ni nguo nyeupe ya pamba iliyokuja kutoka Marekani, na ilitumika kama pesa. Na "hongo", ambayo leo ni rushwa na ni haramu, zamani ilikuwa ushuru wa wazi ambao msafara uliwalipa watawala wa nchi ulizopita. Neno ni lile lile, ila maana imeharibika. Huu ni mchezo mzuri wa njiani kwa familia: mzazi anataja neno, watoto wanakisia lilianzia wapi.

Swali ambalo tusilikwepe

Sasa tufike mahali pagumu. Mtoto mwerevu, ukimsimulia habari za misafara, atauliza: "Walikuwa wanabeba nini?" Utamjibu: nguo, shanga, chumvi ya Uvinza, pembe za ndovu. Ataendelea: "Na watumwa?"

Ndugu wazazi, tusimdanganye. Ndiyo, walikuwemo watumwa. Ujiji ilikuwa kituo kikubwa cha biashara hiyo. Watu walitekwa, hasa kutoka Manyema ng'ambo ya ziwa, wakavushwa na kuuzwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza, lakini huku bara biashara iliendelea kwa miaka mingi baada ya hapo. Na waliofanya biashara hiyo, wengi walikuwa na majina kama yetu na walisali kama sisi.

Tuchukue mfano mmoja. Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alikuwa tajiri mwenye nguvu sana Ujiji katika miaka ya 1880. Aliweka watu wake katika pwani ya kaskazini ya ziwa na akajaribu kuingia Burundi. Lakini milima hii tunayoitazama kutoka Gihosha ilikuwa na mwenyewe. Mwami Mwezi Gisabo na watu wake walimzuia, na ufalme wa Burundi haukugeuzwa kuwa shamba la kuwinda watu kama zilivyofanywa nchi za ng'ambo. Nguvu ya Rumaliza ilivunjwa mwaka 1894 katika vita na Wabelgiji huko Kongo.

Je, mtoto wa Kiislamu amshangilie nani katika kisa hiki? Amshangilie aliyelinda watu wake wasitekwe. Dini yetu imefanya kumwacha mtu huru kuwa ibada na kafara ya madhambi, na haikumpa mtu ruhusa ya kuchoma kijiji ili apate pembe za ndovu na watu wa kuzibeba. Mtu kuwa Mwislamu hakufanyi dhulma yake kuwa Uislamu. Tukiliweka wazi jambo hili sisi wenyewe, mtoto hatashtuka atakapolisikia shuleni kutoka kwa mtu anayetaka kumdhalilisha.

Na kuna jambo la pili. Wengi wetu Waswahili wa mji huu tuna asili ya Manyema, Ujiji na kwingineko. Miongoni mwa babu zetu walikuwemo wafanyabiashara, walikuwemo wapagazi, walikuwemo askari, na walikuwemo waliovushwa ziwa hili wakiwa wamefungwa kamba. Walisilimu, wakaoa, wakajenga, wakasomesha watoto Qur'ani. Kuwa na babu aliyetekwa siyo aibu. Aibu ni ya aliyemteka. Nyumba nyingi zimelinyamazia jambo hili kiasi kwamba wajukuu hawajui hata jina la babu wa tatu. Mkiwa njiani, ambapo hakuna televisheni wala simu ya kukatiza maneno, muulizeni bibi na babu: sisi tulifikaje hapa? Mzee akifariki kabla ya kuulizwa, ndiyo imekwisha.

Kituo cha tatu: kushuka Buyenzi

Matembezi ya tatu ni mafupi na ni ya mjini. Kutoka Gihosha mnashuka, mnavuka Ntahangwa, mnaelekea Buyenzi. Mkivuka daraja, waonyesheni watoto jinsi mto ulivyokula kingo zake, na nyumba zilizobaki ukingoni. Msiwaache wakaribie. Mto huu hujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha milimani, hata kama hapa mjini jua linawaka.

Wajerumani walijenga kambi yao ya kijeshi hapa mwaka 1897, na mahali pakaitwa Usumbura, jina lililodumu mpaka uhuru. Walikuja na askari na watumishi ambao wengi walikuwa Waislamu wanaozungumza Kiswahili. Wafanyabiashara wa ziwani nao wakasogea, na mji ukaanza. Mwaka 1916 Wabelgiji wakauchukua, na katika zama zao mtaa wa Buyenzi ukawa ndio mtaa wa Waswahili. Mpaka leo ukiingia Buyenzi unasikia Kiswahili kibarazani, gereji na sokoni.

Watu wa mtaa huu walishiriki katika kuipata Burundi huru. Mwana wa mfalme, Louis Rwagasore, alipoanzisha chama cha ushirika cha wafanyabiashara mwaka 1957, Waswahili wa Buyenzi walikuwa karibu naye, na walikuwa miongoni mwa waliokiunga mkono mapema chama chake cha UPRONA. Chama hicho kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961, na tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo Rwagasore akauawa kwa risasi hapa mjini. Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962 yeye akiwa kaburini. Kaburi lake liko kilimani Vugizo, mahali pengine panapofaa kwa matembezi ya familia.

Kisha yalikuja maafa tunayoyajua. Katika vita vilivyoanza mwaka 1993 mitaa mingi ya mji iligawanyika kwa makabila, lakini Buyenzi ilibaki mtaa wa watu waliochanganyika. Na milima iliyo juu ya mji, ambayo leo tunawaambia watoto wapande wakaangalie ziwa, kwa miaka mingi ilikuwa uwanja wa mapigano. Kundi la mwisho, FNL, liligeuka chama cha siasa mwaka 2009. Kijana aliyezaliwa baada ya hapo hawezi kujua kwamba kupanda kilima asubuhi na chupa ya maji ni neema. Mwambieni.

Nasaha kwa familia

Kwanza, ondokeni mapema baada ya Alfajiri na mrudi kabla jua halijawa kali. Kwa watoto wadogo kilomita tatu au nne zinatosha.

Pili, bebeni maji ya kutosha, chapati na matunda, na mfuko wa kurudisha takataka zenu.

Tatu, ulizeni wenyeji na viongozi wa mtaa kuhusu njia na usalama kabla ya kutoka, na mpitapo kilimani wasalimuni wenye mashamba. Njia inapita kwao.

Nne, mkienda kando ya ziwa au katika mbuga ya Rusizi, msikae mpaka magharibi. Viboko hutoka majini jioni kula majani, na mamba wapo. Rusizi muingie na mwongozaji wa mbuga.

Tano, kila mtoto anayejua kuandika awe na daftari. Aandike alichoona na alichosimuliwa, na jina la aliyemsimulia. Hapo familia itakuwa imeanza kuchonga jiwe lake yenyewe.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, waliokuja kwa hiari na walioletwa kwa nguvu, azidishe amani katika nchi yetu, na awajaalie watoto wetu kusema kweli hata inapowahusu wao wenyewe. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.